Kila Mutu na Mudomo Wake

Wadogo zangu wa fanfari, watu wa tarumbeta na ngoma, muliniomba niandike kabla sijasahau. Munaomba sawa na mutu anayeomba chumvi kwa jirani, eti ni kitu kidogo. Haya. Meno yangu mawili ya mbele yameenda, la tatu linacheza, na mupiga baritoni, ile tarumbeta nene ya sauti nzito, asiye na meno ya mbele anafaa kupuliza moto wa jikoni tu. Kwa hiyo nimeacha. Sina hasira na mutu. Nimechoka, basi. Nimetembea nyuma ya masanduku ya maiti toka nikiwa musichana, kwenye vumbi na kwenye matope, na magoti yangu yanajua kila kaburi la Wakristo la hapa Kasongo.

Munataka historia. Wengine wakiandika historia wanaanza na wakubwa, nani alikuwa prezida, nani alikuwa makamu, nani alikata utepe. Hao siwakumbuki, na sitaki kujitesa. Nitawaambia juu ya Shefu Salumu na baritoni yake, namna alivyoingoja irudi, na namna ilivyorudi ikinuka. Maana ni pale fanfari yenu ilikaribia kukatika vipande viwili, na wengi wenu mulikuwa bado munanyonya.

Fanfari ilianza kwenye shule ya wapadri. Wazee walisema vyombo vilifika ndani ya masanduku ya mbao, vimelazwa kwenye nyasi kavu kama mayai. Watoto wa shule ndio waliopiga, Wakristo pamoja na watoto wa Waislamu wa mujini, sababu shule ilikuwa shule. Wapadri wa zamani walipoondoka, vyombo vikabaki, na fanfari ikawa ya muji. Ndiyo maana mutoto wa familia ya Kiislamu, tena zile familia za zamani kabisa za kanzu na tasbihi, alikuja kuwa shefu wa fanfari inayopiga Noeli. Fasi ingine, muji mwingine, watu wangeshangaa. Hapa walishangaa tu siku moja aliyochelewa.

Mimi nilitoka Lusangi, nikaletwa kwa shangazi ili nisome. Siku moja shangazi alinituma sokoni na beseni ya mihogo kichwani. Fanfari ikapita inasindikiza bibi harusi. Niliweka beseni chini nikafuata. Niliporudi, mbuzi walikuwa wamekula mihogo, na shangazi alinichapa vizuri sana. Kesho yake nikaenda kwa Shefu Salumu, nyuma ya nyumba yake, fasi walipofanyia repetisyo, mazoezi yao ya kila wiki.

Alikuwa mutu mwembamba, murefu, mwenye vidole virefu kuliko sura. Akaniuliza, "Unataka nini, binti?"

"Kupiga."

"Kupiga nini?"

Nikaonyesha baritoni, ile iliyokuwa kwenye mapaja yake. Wanafanfari wakacheka. Yeye hakucheka. Alitia mukono mufukoni akatoa kipande kidogo cha shaba, kile ambacho unaweka kwenye midomo ili upulize. Wafaransa wana neno lao. Sisi tunakiita mudomo. "Anza na hii," akasema. "Chombo ni cha muji. Mudomo ni wako. Siku utakayoupoteza, usirudi hapa."

Nikaenda nao nyumbani. Wiki nyingi nilipiga mudomo mutupu bila chombo, vuu, vuu, chooni, mutoni, njiani kwenda shule. Shangazi aliita mama mumoja wa sala aje aniwekee mikono, alidhani nimepandwa na kitu. Mama wa sala alinisikiliza akasema, "Huyu hana pepo. Huyu ana ukaidi." Ukaidi hauna dawa, wakaniacha.

Ile ndiyo sheria ya kwanza ya fanfari, na munaijua hata kama hamukujua ilitoka wapi: kila mutu na mudomo wake. Vyombo vilikuwa vichache, watu wengi. Trompeti moja ilipigwa na watu watatu kwa zamu, Mukristo, Mwislamu, Mukristo. Lakini unapomupa mwenzako chombo, unachomoa mudomo wako, unafuta, unaufunga kwa kamba shingoni chini ya shati. Mate yako ni yako. Shefu alikuwa anasema watu wanaogawana mate wanaishia kugawana magonjwa na maneno.

Sheria ya pili ilikuwa ya njiani. Tukisindikiza maiti na tukakaribia musikiti wakati adhana imeanza, Shefu anainua mukono na sisi tunakata palepale, hata katikati ya mustari. Tunatembea kwa miguu tu, hata kama ndani ya sanduku ni katekista mukubwa. Tukivuka, tunaendelea pale tulipokata. Hakuna aliyeandika sheria ile. Na siku za mufungo, sisi Wakristo hatukunywa maji mbele ya wenzetu repetisyo nzima. Koo lilikauka, tukapiga vibaya wote pamoja. Ilikuwa haki.

Kazi ya kutengeneza vyombo nilijifunza kwa kuharibu. Mwaka wa kwanza nilitia mafuta ya mawese kwenye pisto, vile vifungo vitatu unavyobonyeza kwa vidole. Nilijiona na akili. Asubuhi ya Noeli ilikuwa baridi, mawese yakaganda, pisto zikashuka zikakataa kupanda, na wimbo wote ukatoka kwa sauti moja sawa ng'ombe mugonjwa. Shefu alinisogelea palepale kanisani, akaninong'oneza, "We Feza, unatupigia ao unatupikia?" Toka siku ile ni mafuta ya cherehani tu. Musisahau. Naona kuna mumoja wenu anayependa mawese, na ninamujua.

Vifaa vyangu mulivirithi, kwa hiyo musivitupe kwa kuwa ni vibaya kwa macho. Ule mwiba wa mwavuli ni wa kusukuma kitambaa ndani ya kona. Vile vipande vya muti mugumu, vya duara kama viazi, ni vya kunyoosha shaba iliyobonyea: unaingiza kidogo, unazungusha, hupigi. Anayepiga shaba kwa nyundo ni fundi wa sufuria. Na kabla ya kila defile, kila gwaride, mutazame ndani. Mwaka mumoja nyigu alijenga nyumba ya udongo ndani ya trompeti, na mbele ya wakubwa wote mutu wetu akapuliza, ikatoka pfff, halafu nyigu mwenyewe. Wakubwa walikimbia vizuri siku ile.

Halafu vita vikaja. Sitaandika vita, kila mutu ana vyake. Nitaandika hii tu: watu wenye silaha walivunja stoo ya fanfari wakabeba kila kitu, hata ngoma kubwa. Shefu alipoona mulango umelala chini, aliingia, akasimama katikati ya vumbi, akaturudia. Akauliza, "Midomo?"

Kila mutu akashika shingo yake. Midomo yote ilikuwepo.

"Basi wamebeba mabomba," akasema. "Fanfari iko hapa."

Ninyi munaweza kuona ni maneno mazuri. Sisi tulikuwa na njaa, tuliona muzee amechanganyikiwa. Lakini kila wiki alituita nyuma ya nyumba yake, na tulikuja. Watu wazima wenye watoto, tumekaa kwenye duara, tunapiga midomo mitupu. Majirani walituita fanfari ya nyuki. Muke wake, Dada Mwavita, alikuwa anapita na ungo wa muchele anasema, "Leo asali iko wapi?" Mwavita alikuwa mufupi, munene, na ulimi usiolala. Alipenda kutukaribisha na alipenda kutusema, yote mawili kwa moyo mumoja.

Tukazika watu hivyo. Tulikata chupa za plastiki shingo, tukachomeka midomo. Maziko ya kwanza, ndugu za marehemu walianza kulia, halafu mumoja akacheka, halafu wote wakacheka, mujane pia. Mimi nilitaka ardhi inifunike. Shefu alisema, "Acheni. Mutu akicheka kwenye matanga amepumzika kidogo." Ile siku nilimupenda yule muzee, nasema wazi.

Baadaye mambo yalitulia kidogo. Tulipata trompeti kwa musaada, tukapata alto, ile tarumbeta ya sauti ya kati, Pauli mupiga ngoma wetu akatengeneza ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe. Lakini baritoni hapana. Na fanfari bila baritoni ni nyumba bila nguzo ya kati, munaisikia inayumba. Shefu alikuwa mutu wa baritoni tu. Alikataa trompeti, alisema mudomo wake ule mupana umeshamutengeneza, hawezi tena kubana. Akawa anatuongoza kwa mukono, na jioni Mwavita alimusikia chumbani, vuu, vuu, anachunga midomo yake isilegee. Miaka ile yote aliingoja baritoni yake. Alizeeka akiingoja. Kila dereva wa moto, hizi pikipiki, aliyetoka mbali aliulizwa, "Hukuona chombo cha shaba, kimebonyea upande wa chini kama kimepigwa teke?"

Dereva mumoja akasema ndiyo. Alikiona kule Salamabila, kwenye zahabu, kwa mama anayepika lotoko, ile pombe kali ya mahindi.

Tukaenda, mimi na Pauli wa ngoma, kwa moto mbili. Njia munaijua, siwezi kuipamba. Tulishuka kusukuma zaidi kuliko tulivyokaa. Salamabila ilikuwa imejaa wachimbaji wa zahabu wenye matope mpaka kwenye nyusi, na nyuma ya mustari wa maduka ya maturubai tukasikia harufu, tukafuata pua.

Iko pale, baritoni ya Shefu. Pipa linachemka juu ya moto, mvuke unaingia kwenye baritoni fasi ya mudomo, unazunguka mabomba yote yaliyolala ndani ya beseni ya maji baridi, na mbele, kwenye lile bakuli pana linalotoa sauti, lotoko inadondoka tone kwa tone ndani ya dumu. Pisto zilifungwa kwa mupira wa tairi ya kinga, yaani baisikeli, na kuzibwa kwa ugali. Mimi fundi nilisimama nikatazama. Ilikuwa kazi nzuri. Pauli aliondoa kofia kama mbele ya maiti.

Mwenyewe aliitwa Mama Bitondo, mwanamuke wa Kibangubangu, mwenye mikono mikubwa na jicho moja jekundu kwa moshi. Nikamueleza. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchochea moto.

"Hii nilinunua," akasema. "Sikuiba. Inalisha watoto sita. Kwako inafanya kazi gani?"

"Inazika watu, mama."

"Ee! Basi tunafanya kazi moja. Mimi ninaanza, wewe unamaliza."

Wachimbaji waliokuwa wanakunywa pale walicheka mpaka mumoja akaanguka kwenye benchi. Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Nikamuuliza anataka nini ili aiache. Hakutaka franka. Alisema franka zinaisha, bomba haliishi. Alitaka kitu kingine kipike kama hiki. Kwa hiyo mimi, muke wa katekista, mutu ambaye hata divai ya misa inaniumiza kichwa, nilikaa Salamabila siku kadhaa ninamutengenezea mama ya watu mutambo wa lotoko. Nilipata bomba la shaba kwenye friji iliyokufa, nikajaza muchanga ili lisivunjike, nikalizungusha kwenye muti polepole. Lilipotoa tone la kwanza, Mama Bitondo alionja, akafunga macho, akasema, "Ni tamu kuliko ya zamani. Chukua tarumbeta yako, mwanangu, Mungu akusamehe." Bwana yangu aliposikia, aliuliza tu kama ninaweza kutengeneza jiko.

Tulifika Kasongo alasiri. Shefu alikuwa ametoka kusali, kofia bado kichwani. Wanafanfari walikuwa wamekusanyika, habari ilitutangulia. Nikafungua kitenge, nikamupa. Alipitisha vidole kwenye lile teke la chini. Akabonyeza pisto moja, ya pili, ya tatu. Akatoa mudomo wake shingoni, akachomeka. Kila mutu alikuwa analia ao anajifanya vumbi limemuingia. Akainua. Halafu akasimama, pua karibu na shaba.

"Feza. Hii imetoka wapi?"

Sikuweza kumudanganya muzee kama yule. "Kwa mama wa lotoko, Shefu. Ilikuwa inapika."

Akachomoa mudomo. Alicheka kwanza, kweli alicheka, mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Mimi siwezi," na sura yake ikaanguka. Sijaona sura ya mutu inaanguka vile hata kwenye matanga.

Alienda kuuliza sheki wa musikiti wake. Sheki alikuwa mutu mupole, alisema, "Ioshe. Harufu ikiisha, piga." Basi nikaosha. Kwa ndimu, kwa majivu, kwa maji ya moto, kwa majani ya papai, kwa muchanga laini. Kila Ijumaa baada ya sala Shefu alikuja kwangu. Mimi ninapuliza, yeye anaweka pua mbele ya bakuli. Shaba ikiwa baridi, haikunuka kitu. Lakini ukipuliza, pumzi inapasha mabomba moto, na lotoko inatoka kwenye viungo sawa mudeni aliyekuwa amejificha.

"Bado," anasema. Anarudi nyumbani kwa miguu.

Wiki kwa wiki, bado. Na pembeni maneno yakaanza. Vijana wa Kiislamu wakasema kama Shefu hawezi kuigusa, wao hawawezi kutembea mustari mumoja nayo. Vijana wetu wakasema chombo ni chombo, tupeni sisi tupige, anayeogopa harufu akae nyumbani. Mumoja akasema, mbele yangu, "Midomo yetu na midomo yao." Katika miaka yote ya kugawana trompeti moja, sijawahi kusikia neno lile. Vita havikulileta, harufu ililileta. Repetisyo iliyofuata walikaa makundi mawili, na katikati kulikuwa fasi tupu ambayo kuku walipitia.

Nilimuambia Shefu kuna njia moja: nifungue viungo vyote kwa moto, nisugue ndani ya kila bomba, nifunge tena. Akauliza, "Na risasi ya kuyeyusha, ya kufungia viungo?"

"Iko kidogo. Na shaba imekuwa nyembamba, Shefu. Ikipasuka, imepasuka."

Wiki ile tulikuwa na maziko makubwa, mwalimu wa zamani aliyewafundisha wote, Waislamu na Wakristo. Kila mutu alijua kama fanfari haitapiga pamoja siku ile, haitapiga pamoja tena.

"Usifungue," akasema. "Utapiga wewe."

"Shefu, si yangu ile."

"Nani amesema ni yako? Puliza wewe. Shikilia kwa mikono yote miwili. Pisto ni kazi yangu." Akaninyooshea ile mikono mirefu. "Kinywa kinakatazwa. Vidole havilewi, Feza."

Nilidhani ni muchezo. Haikuwa. Tulijifunza nyuma ya nyumba yake, mimi ninapuliza, yeye amesimama kuume kwangu, mukono wake umepita mbele yangu, anabonyeza. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Mimi ninaenda juu, yeye anashuka. Yeye anangoja, mimi nimeishiwa pumzi. Mwavita alikuja akatutazama, ungo kiunoni.

"Salumu, miaka yote nimelala na mudomo wa chuma kitandani. Leo umeniletea na mwanamuke wa kuuvaa?"

"Vidole tu, mama watoto," Shefu akasema.

"Basi vichunge virudi vyote kumi." Akaenda zake, tukasikia anacheka jikoni. Sheki naye, alipoulizwa kuhusu vidole, alicheka mpaka kofia ikasogea, akasema lile swali haliko katika vitabu vyake.

Siku ya maziko ya mwalimu tulitoka nyumbani kwake na wimbo ule ambao munaujua, wa kutoka nyumbani. Mimi na Shefu mbele, bega kwa bega, mutu mumoja mwenye miguu minne. Watu walijaza njia. Niliogopa kugeuka. Tulipofika kwenye soko nikasikia nyuma yangu trompeti inaingia, halafu alto, halafu zote. Nikageuka kidogo. Vijana walikuwa wamejichanganya, kila mutu fasi yake ya zamani. Kama Muislamu wetu mukubwa anaweza kubonyeza na Mukristo anapuliza, wao walikuwa na sababu gani tena? Shefu hakugeuka. Alisema tu kwa meno, "Pumua, Feza. Unalala."

Tulipiga hivyo miaka mingi. Kasongo ilizoea. Tulienda mpaka Kabambare, kule watoto walitufuata wanaigiza, wawili wawili, mumoja anapuliza ngumi, mwingine anabonyeza hewa. Nilijua mikono yake kuliko ya bwana yangu. Nilijua akiwa na homa, sababu pisto ya tatu ilichelewa. Nilijua akigombana na Mwavita, sababu pisto ya kwanza iliwahi. Harufu iliisha siku moja, sijui siku gani. Mutu mumoja alitaja, Shefu akanusa, akasema, "Imeisha." Midomo yake ilikuwa imeshalegea, meno yamepungua. Alichomeka mudomo, akajaribu mara moja, ikatoka pumzi tu. Akanirudishia chombo. "Tuendelee na yetu," akasema. Nilipofika nyumbani nililia sana, nikamwambia bwana yangu ni moshi.

Alikufa katika mvua, asubuhi, bila kusumbua mutu. Kwa Waislamu maiti hailazwi usiku, walimuzika siku ileile. Fanfari haikupiga. Wengine bado wananiuliza kwa nini, kama ni ndugu walitukataza. Hakuna aliyetukataza. Hatukuomba. Dini yake haina fanfari kaburini, na sisi tulizoea kukata sauti mbele ya musikiti. Pauli alienda kwa ndugu zake na kuuliza tu kama wanaume wa fanfari wanaweza kubeba jeneza kwa zamu. Wakasema, "Karibuni." Walikuja na shati zao za kazi, mikono mitupu.

Mimi nilibaki. Kwa desturi yao wanawake hawaendi makaburini. Nilikaa chumbani na Mwavita juu ya mukeka, katikati ya wamama wengine. Alikuwa amefunikwa nguo nyeupe, na ule ulimi wake, kwa mara ya kwanza, haukusema kitu. Tukasikia wanamutoa. Dua, halafu miguu. Miguu ya watu wengi kwenye matope, na ndani yake ile ya watu wetu, inaenda sawasawa kwa mazoea, kushoto, kulia, bila ngoma.

Mwavita akainua kichwa. "Hao ni ninyi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Sasa mungekuwa munapiga nini?"

"Ule wa kutoka nyumbani."

Halafu akasema, "Nimesikia wimbo ule maisha yangu yote. Lakini vidole vyake nilikuwa sivioni, munanipa mugongo munaenda. Alikuwa anafanya nini na vidole?"

Akatoa mukono chini ya ile nguo nyeupe, akauweka juu ya mapaja yangu. Nikaweka vidole vyangu vitatu kwenye ngozi yake. Nikabonyeza cha kwanza. Cha kwanza na cha pili. Nikaachia. Cha pili. Nilikuwa sipumui hata, nilikuwa ninabonyeza tu namna alivyobonyeza yeye, na ile ya tatu nikaichelewesha. Wamama wakatutazama. Nje miguu ilikuwa inaenda mbali. Machozi yalinifunga macho, nikaanza kuharakisha ili nifike mwisho.

Mwavita akaweka mukono wake mwingine juu ya vidole vyangu.

"Polepole, mudogo wangu," akasema. "Hawajafika."

Nikapunguza.